Uyoga Usio na Jina: Wasifu wa Marehemu Ndinda Maluki Wanyoike

Unasomwa na mdogo wake, Muthoka Maluki, shambani Ngoliba, Ijumaa tarehe 11 Aprili 2025

Mchungaji, wazee, wakwe mliotoka Ruiru, majirani wa Ngoliba na marafiki wote: marehemu Ndinda alikuwa mtu wa kusahihisha. Alisahihisha tarehe katika mahubiri, alisahihisha vibao vya barabarani kwa sauti akiwa ndani ya gari, na katika mazishi ya mjomba wake alimvuta msomaji kando kumwambia kwamba mzee hakuzaliwa mwaka huo. Wasifu huu umepitiwa mara nne. Familia ina hakika kwamba bado kuna kosa mahali, na inaudhika kwamba mtu wa kulionyesha amelala hapo mbele kimya.

Ndinda alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Juni 1971 hapa hapa Ngoliba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Maluki, mkata mkonge, na mama Nzisa, ambaye Mungu amemjalia kufikisha miaka themanini na minne na ambaye ameketi mstari wa kwanza. Mvua za kwanza zikinyesha, Nzisa aliwaamsha watoto wake wakachume uyoga vichuguuni kabla jua halijauharibu. Ndinda alikuwa na miaka sita alipoonyeshwa kwamba uyoga huo ni wa aina mbili: mkubwa mweupe ambao kila mtu anaujua, na mdogo wa kijivu, wenye ncha kichwani, unaoota kwenye vichuguu vikavu vya upande huu. "Hawa si wa mama mmoja," Nzisa alimwambia. "Yule mkubwa ukimpika anateleza mdomoni. Huyu mdogo anabaki mkavu kama nyama." Watoto wengine walisikia habari za chakula. Ndinda alisikia jambo lingine, na kwa hilo aliwasumbua watu wote waliompenda hadi mwisho wa maisha yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Ngoliba na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, miongoni mwa watoto wa kwanza kabisa kuufanya. Aliitwa shule ya bweni ya wasichana mjini Thika, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989. Huko, mwalimu wa baiolojia aliwaonyesha picha kitabuni na kusema kwamba uyoga wa kijivu ni ule mweupe ukiwa bado mchanga. Ndinda akanyoosha mkono kupinga. Mwalimu akamwambia kitabu kimeandikwa na watu waliosoma. Ndinda akauliza kama watu hao walishawahi kuupika. Alifyeka nyasi siku mbili kwa swali hilo, na aliporudi likizo alimsimulia mama yake akitarajia kupewa pole. Nzisa alimuuliza tu mwalimu huyo ni mtu wa wapi.

Kati ya mwaka 1991 na 1994 alisomea teknolojia ya maabara jijini Nairobi, na tarehe 2 Mei 1995 akaajiriwa katika chuo kikuu kimoja cha umma. Kazini hapo alipata shahada ya kwanza mwaka 2008 na ya pili mwaka 2013. Mwaka 2016 alijiandikisha kwa shahada ya uzamifu, ambayo hakuikamilisha, kwa sababu zitakazoelezwa. Aliwafundisha wanafunzi kunawa mikono kabla ya kugusa sampuli na baada ya kuigusa, na aliyeingia maabara na andazi mfukoni alirudishwa nje na andazi lake. Mtaani Ruiru, alikoolewa, ilijulikana tu kwamba mama Becky, kama alivyoitwa huko, ni mtaalamu wa fangasi. Basi watu walimpelekea miguu.

"Daktari, hii kidole inaniwasha tangu Krismasi, si uniangalilie?" jirani angemwambia langoni.

"Mimi si daktari wa miguu."

"Lakini si ni fangasi?"

"Ni fangasi," angekiri, kwa sababu hakuweza kusema uongo hata wa kujiokoa, na kesho yake angempelekea dawa ya kupaka.

Mwezi Machi 1996, kijana mmoja karani wa ushirika wa kahawa, Bedan Wanyoike wa Ruiru, alifika maabarani na mfuko wa nyasi. Alikuwa ameanza kukuza uyoga wa kuuza, ule ambao wakulima huuita oyster, na mfuko mzima ulikuwa umegeuka kijani. Ndinda aliutazama akamwambia, "Hapa hakuna uyoga. Hapa umefuga ukungu." Juma lililofuata Bedan alirudi na mfuko mwingine wa kijani. Juma la tatu alileta mfuko safi, uyoga umejaa. Ndinda aliugeuza huku na huku akauliza una shida gani. "Hauna shida," Bedan akasema. "Nilikuwa napita tu." Walifunga ndoa kanisani Ruiru Jumamosi tarehe 22 Agosti 1998, wakajaliwa watoto wawili, Becky Waithira na Maina. Nyuma ya nyumba Bedan alijenga banda la uyoga wake, na kando ya banda akaunda kikaushio cha jua kwa mbao na vioo. Tunaomba mkikumbuke kikaushio hicho, kwa maana hapo ndipo miaka saba ya dada yetu ilipopotelea.

Ni lazima ielezwe kidogo alichokuwa akikitafuta. Kila kiumbe hubeba ndani yake maandishi ya ukoo wake, yale tunayoita DNA. Wataalamu husoma kipande cha maandishi hayo, hukilinganisha herufi kwa herufi na cha viumbe wengine, kisha huchora mti wa nasaba unaoonyesha nani ni ndugu wa nani na ni matawi gani yalitengana zamani. Ndinda aliwahi kuwaeleza akina mama wa kanisa lake hivyo hivyo, na mmoja akauliza, "Kumbe ni kama zile kesi za watoto kortini?" Ndinda akasema ndiyo, tofauti ni kwamba uyoga hauoni aibu. Alitaka kuthibitisha kwamba ule mdogo wa kijivu wa Ngoliba ni tawi lake lenyewe, kisha uandikwe vitabuni kwa jina lake. Hakutaka kingine. Hakuomba cheo, na waliopandishwa vyeo wakampita wako hapa leo na wanalijua hilo.

Kuanzia mwaka 2014 alikuja Ngoliba kila msimu wa mvua, akachuma, akaandika tarehe na kichuguu kwenye bahasha, akaenda kukausha Ruiru. Mwaka 2017 alituma sampuli kumi na moja kwenye maabara moja ng'ambo. Majibu yalikuja Februari 2018: tisa kati ya hizo zilikuwa oyster wa kawaida wa dukani. Ndinda aliwaandikia kwamba wamechanganya vifaa vyao. Mwaka 2019 alituma nyingine kumi, na nane zikarudi kuwa oyster. Aliwaandikia barua kali zaidi, tena mbili. Familia iliijua kila sentensi ya barua hizo, kwani zilisomwa mezani kabla ya sala ya chakula. Mdogo wake Muthoka alimshauri aachane nayo. Ndinda hakuongea naye hadi Pasaka.

Jumamosi tarehe 16 Januari 2021 asubuhi, Ndinda alitoka jikoni na beseni la nguo. Bedan alikuwa amefungua mlango wa banda. Jua lilikuwa likipenya kwa upande, na Ndinda akaona vumbi jeupe jembamba likitoka mlangoni, likielea, likitua juu ya kikaushio. Aliweka beseni chini. Akapitisha kidole kwenye kioo.

"Bedan."

"Eeh."

"Hii vumbi ni ya nini?"

"Si ni mbegu ya uyoga. Hutoka tu hivyo kila siku hii saa. Kwani hujawahi kuiona?"

Alikuwa ameiona zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa akiipangusa kwenye kamba ya nguo. Mtu aliyewafukuza watoto wa watu maabarani kwa sababu ya andazi alikuwa amekausha kila uyoga wa Ngoliba chini ya mbegu za uyoga wa mumewe. Tena joto la kile kikaushio lilikuwa limeuunguza ule wa Ngoliba kiasi kwamba mashine ilisoma kile kilichoushukia juu badala ya uyoga wenyewe. Aliketi kwenye ngazi akasema, "Miaka saba nimekuwa nikiuliza nasaba ya biashara yako." Bedan alisema atafunga banda siku hiyo hiyo. Ndinda alimkataza, kosa si la uyoga. Bedan alipokipasua kikaushio kikawa kuni, aligombezwa tena, kwamba mbao zile zilikuwa bado nzuri. Ndinda aliiandikia maabara ile kurasa mbili za kuomba radhi. Hiyo ndiyo barua pekee ambayo hakuisoma mezani.

Alianza upya akiwa na miaka arobaini na tisa. Mvua zikamkatalia. Mwaka 2021 hakuna, mwaka 2022 hakuna. Vichuguu vilikuwa vikavu hadi mchwa wenyewe wakahama. Wenzake walikuwa wakihitimu. Watu walimuuliza, "Bado uko na ile uyoga?" kwa sauti ya kumuuliza mtu kuhusu ugonjwa, naye alijibu bado, na akiingia ndani aligonga sufuria. Hakuwa mtakatifu. Alinuna, alilia kwa hasira, alimkaripia Bedan kwa mvua ambayo Bedan hakuizuia.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2023 ziliuotesha uyoga hatimaye. Safari hii alikuja na mwanafunzi wake Nelima, binti wa shahada ya pili anayeishi Kahawa Sukari. Waliweka vipande vidogo kwenye vichupa vya spiriti papo hapo kichuguuni, na Bedan aliamriwa kukaa mbali na hata kuacha koti lake nyumbani. Majibu yalifika Jumanne tarehe 5 Machi 2024. Kwenye ule mti, uyoga wa kijivu ulikuwa umekaa peke yake, tawi lililojitenga na ule mweupe tangu zamani sana. Ndinda alimpigia mama yake simu Ngoliba akiwa amesimama.

"Mwaitu, ulikuwa sawa. Si wa mama mmoja."

"Mashine ndiyo imekuambia?" Nzisa akajibu. "Mimi si nilikuambia bure?"

Hapo ndipo mtu angedhani mambo yamekwisha. La. Kiumbe hakipewi jina kwa maandishi ya DNA peke yake. Lazima iwepo sampuli moja kamili, kutoka kichwani hadi ncha ya mzizi, ihifadhiwe mahali ambapo yeyote anayebisha anaweza kwenda kuitazama. Na uyoga huu una mzizi mrefu mwembamba unaoshuka ardhini hadi kwenye kiota cha mchwa. Wakati wa mvua za 2023 walijaribu kuutoa mara nne, na mara nne ulikatika. Muthoka alimwambia, "Tuma hivyo hivyo, dada. Nani ataulizia mzizi?" Ndinda alimjibu, "Akija wa kusema nimekosea, atakuwa sahihi." Basi wakapanga warudi mvua za Aprili, wachimbe polepole.

Tarehe 19 Machi 2024, wiki mbili baada ya majibu yale, Ndinda aligunduliwa kuwa na saratani ya ovari. Alifanyiwa upasuaji mjini Thika tarehe 24 Aprili, katika juma ambalo mvua ilinyesha kuliko miaka yote na uyoga ukatoka vichuguuni kwa wingi. Akiwa kitandani alimtuma Muthoka. Alimwagiza vizuri, na Nelima akamwandikia kwenye karatasi. Muthoka alikuja na panga. Aliukata uyoga usawa wa ardhi, akaujaza kwenye gunia la nailoni, akaufungia kwenye buti ya gari, akapitia kwanza dukani kwake Kiganjo kwa sababu kulikuwa na wateja wa saruji. Alifika hospitalini siku ya pili na mchuzi wenye mabuu. Ndinda alichungulia ndani ya gunia akasema, "Asante, Muthoka." Angemtukana ingekuwa nafuu. Anayesoma wasifu huu hajapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, na ameombwa na familia alifute jambo hili, akakataa.

Mvua za Novemba 2024 zilikuwa za kutia vumbi maji tu, hakikuota kitu. Januari mwaka huu ugonjwa ulirudi na kushika ini. Mumewe na watoto walimuuguza nyumbani Ruiru, Becky akiacha kazi yake Nakuru kwa miezi miwili. Februari, Ndinda alimwita Nelima kando ya kitanda akamfundisha kuchimba, akitumia kijiko na sufuria ya ugali uliopoa: usivute, zunguka, ondoa udongo mpaka mzizi usimame wenyewe. Nelima alipotaka kujua kama uyoga uitwe kwa jina la mwalimu wake, aliambiwa asimletee upuzi, ila afike kwanza kwenye ncha. Ndinda alifariki Jumamosi tarehe 29 Machi 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu. Kwa kuwa ploti ya Ruiru haina hata pa kuanika nguo, yeye na mumewe walikuwa wamekubaliana azikwe hapa, kwenye ekari mbili walizonunua mwaka 2009 kando ya shamba la wazazi wake.

Sasa mtuwie radhi kwa yanayofuata. Mvua ilinyesha hapa Jumapili iliyopita. Jumanne asubuhi, akina mama waliokuja kutusaidia kupikia waombolezaji walikuta kichuguu kilicho nyuma ya hema kimechipuka uyoga wa kijivu. Wakauchuma wote, beseni zima, wakaukaanga na vitunguu. Muthoka alikula sahani mbili. Mama Nzisa alitia tonge la kwanza mdomoni, akaacha kutafuna, akasema, "Huu ni ule mdogo," na hapo ndipo watu walipoanza kutazamana. Nelima alishuka kwenye boda saa tisa alasiri akakuta beseni linaoshwa. Mama Kaleli, aliyesimamia jiko, alijitetea kwa haki kabisa: "Watu wamejaa hapa tangu asubuhi, na uyoga umejileta wenyewe. Ningeutupa? Nani aliniambia uko na kazi?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Tulikuwa na kamati ya hema, ya viti, ya maua na ya maji, na hatukumpa mtu mmoja kazi ya kukitazama kitu ambacho marehemu alikitazama miaka kumi na moja.

Ndinda ameacha mumewe, Bedan Wanyoike. Watoto wake, Becky Waithira na Maina. Mama yake, Nzisa. Ndugu zake, Kilonzo, Muoki, Muthoka na Wavinya. Wakwe zake wa Ruiru. Wapwa kumi na wanne. Na wanafunzi ambao idadi yao angeijua yeye. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa la Ruiru, majirani, na akina mama wa jiko, Mama Kaleli akiwa wa kwanza, ambaye tumeshazungumza naye na yameisha.

Aya hii haimo katika kitabu mlichogawiwa, kwani kilipelekwa kwa mchapishaji Thika jana asubuhi. Jana jioni kichwa kimoja cha uyoga kilitokeza kwenye kichuguu hicho hicho, kimoja tu. Kama hamjamwona Nelima kwenye viti vya familia, ni kwa sababu yuko pale nyuma ya hema tangu saa kumi na mbili asubuhi, amelala kifudifudi na kijiko. Amefika chini kiasi cha mkono mzima na mzizi bado unashuka, haujakatika. Shida ni kwamba vijana waliochimba kaburi Jumatatu waliurundika udongo ukaegemea ubavu mmoja wa kichuguu hicho, bila kujua. Koleo la kwanza likiugusa udongo huo, shimo la Nelima litaporomoka. Mchungaji amelalamika kuhusu wingu lililo upande wa Yatta na kuhusu mazishi mengine anayongojewa Kiganjo saa tisa, na ana haki ya kulalamika. Bedan amemwendea Nzisa kumuuliza kama tuendelee, na Nzisa amesema jeneza la mwanawe halitashushwa mpaka mzizi utoke. Kwa hivyo wenye koleo waketi. Kwaya ina nyimbo, iziimbe zote. Tunajua jua ni kali na wengine hamjanywa hata chai. Ndinda alingoja kuliko ninyi nyote, na leo, kwa mara ya mwisho, angojewe yeye. Nelima akishainua mkono, tutamshusha mama Becky, na hapo ndipo atapumzika kwa amani.